Margiela, fundi wa upande wa ndani

Katika duka la wazazi wa mbunifu wa mitindo Martin Margiela, huko Genk, mji wa migodi ya makaa ya mawe mashariki mwa Ubelgiji, nywele zilikuwa mali. Baba alikuwa kinyozi, na familia iliuza pia mawigi na manukato. Bibi yake alikuwa mshonaji. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1957 akakua katikati ya nywele za watu na vitambaa vya bibi, na kwa vipande vilivyobaki mezani akaanza kuwashonea wanasesere. Katika filamu ya Reiner Holzemer ya mwaka 2019 inayomhusu, anakitoa kikoti kimojawapo, cha flaneli ya kijivu, alichomshonea Barbie wake. Uso wake hauonekani filamu nzima. Tunaisikia sauti na kuiona mikono. Nimesimamisha picha pale mara nyingi kuangalia kola ya kikoti kile. Imekaa sawasawa, na yeyote aliyewahi kugeuza kola ndogo kiasi hicho anajua ni kazi ya namna gani.

Mimi ni fundi wa kike wa Kariakoo, nashona makoti na suti, na jioni nafundisha vijana kukata. Wanaoandika habari za Margiela husema aliishi maisha mawili: miaka ishirini ya nguo, kisha akawa msanii wa sanamu. Nikiyafuata maisha yake mwaka kwa mwaka, naona kazi moja isiyokatika. Alianza na mwili wa mtu, akauzunguka kwa nguo miaka ishirini, na alipoiweka nguo pembeni akabaki na mwili uleule: ngozi, kucha, nywele. Mshonaji huliona hilo mapema, kwa sababu mshonaji huanza kuisoma nguo kwa kuigeuza.

Chuo cha Sanaa cha Kifalme cha Antwerp kilianzishwa mwaka 1663 kwa ajili ya wachoraji na wachonga sanamu. Idara ya mitindo ilikuja baada ya miaka mia tatu kamili, 1963, chini ya Mary Prijot, mwalimu mkali aliyependa unadhifu wa Chanel. Margiela alisoma hapo nusu ya pili ya miaka ya 1970. Nyuma yake kidogo, au sambamba naye, walikuwapo vijana sita: Ann Demeulemeester, Dries Van Noten, Walter Van Beirendonck, Dirk Bikkembergs, Dirk Van Saene na Marina Yee. Viwanda vya nguo vya Ubelgiji vilikuwa vikidorora wakati huo, na serikali ikaanzisha mpango wa kuvinusuru, pamoja na shindano la wabunifu lililoitwa Pia ya Dhahabu. Toleo la kwanza, mwaka 1982, alishinda Demeulemeester. Mwaka 1986 wale sita wakapakia nguo kwenye gari la kukodi wakavuka kwenda London, na wanunuzi walioshindwa kutamka majina yao wakawaita Sita wa Antwerp. Margiela hakuwamo garini. Tangu 1984 alikuwa Paris, msaidizi wa mbunifu Jean Paul Gaultier.

Kabla ya hapo kulikuwa na tukio lililowatikisa wote. Mwaka 1981 Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto walitoka Japani wakaonyesha nguo zao Paris, nyeusi, pana, zisizobana kiuno wala kuinua kifua. Huko Brussels alikuwapo mama mmoja mwenye duka, Jenny Meirens, aliyekuwa na ujasiri wa kuziuza nguo za Kawakubo mapema. Meirens ndiye aliyeshirikiana na Margiela kuanzisha nyumba yao ya mitindo mwaka 1988, na mengi yanayosifiwa leo yalitoka kichwani kwake. Alifariki mwaka 2017. Naona haki yake haijalipwa ya kutosha, maana kila anapotajwa anatajwa kama mwenye pesa, na yeye alikuwa nusu ya akili ya nyumba ile.

Onyesho la kwanza lilifanyika Oktoba 1988 katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Café de la Gare, Paris. Sakafuni kulitandikwa kitambaa cheupe cha pamba. Wanawake walipita na buti zilizopasuliwa mbele, kidole gumba upande wake na vidole vinne upande wao, kama viatu vya vibarua wa Japani, na chini ya nyayo kulikuwa na rangi nyekundu mbichi. Kila hatua ikaacha alama. Msimu uliofuata kile kitambaa chenye nyayo kikakatwa kikashonwa vizibao. Watu hukumbuka buti, mimi nashika kitambaa. Nguo ya msimu wa pili ilibeba uzito wa miili ya msimu wa kwanza, alama ya kisigino hapa, ya kidole kule. Mchonga sanamu anayebonyeza udongo kwa mguu angepata kitu cha jinsi ileile.

Mabega nayo yanahitaji maelezo. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya pedi. Hata hapa kwetu tulipachika pedi kwenye blauzi, kwenye gauni, mpaka kwenye kitenge. Margiela alileta koti lenye bega jembamba kabisa, mkono umeinuliwa kidogo juu ya mfupa na kubanwa ukawa mwembamba kama sigara. Kulikata bega hilo ni shida tupu. Kichwa cha mkono kina kitambaa kingi kuliko tundu la kwapa, na kile kinachozidi lazima kimezwe na pasi na mvuke bila kuacha mkunjo. Bega la pedi linasamehe makosa ya mkataji. Bega lile halisamehe, kwa sababu mfupa wa mvaaji uko pale pale, umefunikwa na sufu tu.

Halafu lebo. Kulikuwa na kipande cheupe cha kitambaa kisicho na jina, kimeshikizwa kwenye pembe nne kwa nyuzi nne nyeupe ambazo zinaonekana kwa nje, chini ya shingo. Hilo lilikuwa wazo la Meirens. Mara moja tu nimekutana na koti la namna hiyo, la sufu nyeusi, limetoka kwenye balo la mtumba, na kijana aliyelileta alitaka mikono ipunguzwe. Zile nyuzi nne zilionekana kama ushikizo wa mkono uliosahauliwa, ule tunaouvuta na kuutupa kazi ikishamalizika. Nililigeuza. Ndani bitana lilikuwa limefikiriwa kama upande wa nje, pindo safi, mishono imelazwa kwa mkono mtulivu. Nilimweleza kijana aziache nyuzi mahali pake, akaziacha.

Na hapa ndipo historia yake inapogusana na ya kwetu, bila yeye kujua. Tanzania ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, na mitumba ikafurika. Mafundi wa umri wangu walijifunza kazi kwa kufumua. Suruali ya mzee wa Ulaya unaifungua mishono, unaipunguza kiuno na miguu, inakuwa suruali ya kijana wa Temeke. Ubora wa fundi ulipimwa kwa jambo moja: asiyejua asigundue kwamba nguo imefunguliwa. Miaka hiyohiyo, Paris, Margiela alikuwa akinunua nguo kuukuu na kuzifumua, lakini akiacha kila alama ionekane. Magauni ya zamani ya dansi aliyatia rangi ya kijivu akayapasua mbele yakawa makoti marefu ya kuvaliwa juu ya suruali ya jinzi. Vipande vya sahani zilizovunjika alivitoboa akaviunganisha kwa waya vikawa kizibao. Waandishi wengine wa mitindo waliona takataka. Sisi tulikuwa tukificha ufumuaji kwa sababu mteja aliona haya kuvaa cha mtu mwingine. Yeye aliutoa hadharani kwa sababu aliheshimu mkono wa fundi wa kwanza. Nimefikiri sana juu ya tofauti hiyo, na naona mazingira ndiyo yaliyotutenga. Mtu mwenye uchaguzi anaweza kuonyesha kiraka chake. Heshima kwa mshono ilikuwa ileile.

Kazi ninayoipenda kuliko zote za wakati ule ni sweta ya soksi za jeshi, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 nyumba yake ilichapisha maelekezo ya kuitengeneza, wazi, kwa yeyote mwenye mkasi. Soksi inachanwa kwa urefu, ikifunguka inakuwa kipande bapa chenye kifuko kimoja, mahali kisigino kilipokuwa. Mtu mwingine angekikata kifuko hicho apate kitambaa kilichonyooka. Margiela alikitunza. Visigino viwili viliwekwa kifuani, vikapokea matiti. Vingine vikawekwa kwenye viwiko. Sisi tukitaka kitambaa bapa kifuate kifua tunatia kikunjo, tunakata, tunapiga pasi juu ya mto, kazi ya nusu saa kwa upande mmoja. Soksi ilikuwa tayari na umbo la mviringo, iliyofumwa kiwandani kwa ajili ya mguu wa askari. Yeye aliona kwamba kisigino, titi na kiwiko ni familia moja ya maumbo, akahamisha moja kwenda mahali pa jingine. Nawafundisha wanafunzi sweta hiyo kabla ya kuwafundisha sketi. Wakishaelewa kwamba kitambaa kinaweza kuwa na ujazo, hawarudi tena kukata nguo bapa kama bahasha.

Kutoka hapo mambo yanakimbia kuelekea sanamu. Mwaka 1994 alichukua nguo za wanasesere, akazikuza mara 5.2 hadi kipimo cha binadamu, pamoja na makosa yake yote: vifungo vikubwa kama sahani ndogo, zipu nene, nyuzi za sweta kama kamba, kola zisizolingana na shingo. Kwa msimu wa baridi wa mwaka 2000 akatengeneza nguo za saizi 74 ya Italia, kubwa kuliko mtu, ili mwili upotee ndani yake. Mwaka 1998 alionyesha nguo zilizolala bapa kabisa, mashimo ya mikono yamehamishiwa mbele, nguo ambazo bila mtu ndani yake ni karatasi tu. Mchezo wote huo ni wa vipimo na ujazo. Hakuna hata mmoja unaohusu urembo wa mvaaji.

Lakini mwaka wa kuangaliwa kwa makini ni 1997. Katika makusanyo ya mwaka ule alichukua lile sanamu la fundi, kiwiliwili cha kitani cha rangi ya mchanga tunachokitumia kupimia nguo, akakigeuza kuwa vazi. Kitani kizito, mishono ya wima kama ilivyo kwenye sanamu lenyewe, hata maandishi yaliyopigwa muhuri, vyote vilishonwa kuwa kizibao cha kuvaliwa juu ya ngozi. Juu yake wakati mwingine kilining'inizwa kipande cha shifoni kilichobanwa nusu, kama gauni ambalo fundi amelikatiza kwenda kunywa chai.

Sanamu la fundi ni kitu cha ajabu ukilifikiria. Limesimama kwenye kila karakana, halina kichwa, halina mikono, halina miguu, na hakuna anayelitazama. Kazi yake ni kuwa badala ya mtu. Mimi ninalo moja, nililonunua kwa fundi mzee aliyefunga duka, na kwa miaka nililichukulia kama meza ya kusimama. Margiela alimvalisha mwanamke hai mwili wa badala yake. Mwanamke akawa ndani, sanamu nje. Kwangu mimi hapo ndipo alipovuka mpaka, zaidi ya miaka kumi kabla hajaondoka kwenye mitindo. Kilichobaki ilikuwa ni kuliondoa lile vazi.

Mwaka huohuo, jumba la makumbusho la Boijmans Van Beuningen huko Rotterdam lilimpa nafasi ya maonyesho. Alichagua mavazi 18, moja kutoka kila mkusanyo wake mpaka wakati ule, yakatengenezwa upya, kisha akishirikiana na mtaalamu wa vijidudu akayapaka bakteria, hamira na kuvu. Yakasimamishwa nje, watu wakiyatazama kupitia vioo vya jengo. Ukungu ukaota njano, waridi, kijani, ukatambaa juu ya sufu. Fundi yeyote wa pwani anaufahamu ukungu huo. Msimu wa masika unakula makoti kabatini na kutuumiza roho. Yeye aliuachia ukue kwa makusudi, ili nguo iwe na umri na iishe kama mwili unavyoisha.

Sambamba na nyumba yake, kuanzia 1997 hadi 2003 aliajiriwa na Jean-Louis Dumas, mkuu wa nyumba ya Hermès, na huko akafanya kazi tulivu sana: makoti mepesi, kashmiri, blauzi yenye shingo ya V ndefu inayovaliwa bila kusumbua nywele, mkanda wa saa unaozunguka mkono mara mbili. Wengi walishangaa mtu yule wa sahani zilizovunjika kushona vitu laini hivyo. Sikushangaa. Mtu hawezi kufumua vizuri asichoweza kushona vizuri.

Wakati wote huo hakupigwa picha, hakutoa mahojiano ana kwa ana. Maswali yalijibiwa kwa faksi, na jibu lilisema "sisi". Wafanyakazi wote walivaa makoti meupe ya karakana, kama yale ya wasaidizi wa nyumba za mitindo za zamani za Paris. Nyuso za wanamitindo alizifunika mara kwa mara tangu onyesho la kwanza, kwa kitambaa au kwa nywele. Mwaka 2002 Renzo Rosso, mwenye Diesel, alinunua sehemu kubwa ya nyumba. Baada ya hapo Meirens akaondoka. Septemba 2008, usiku wa onyesho la kutimiza miaka ishirini, Margiela mwenyewe aliondoka, bila kuaga hadharani. Tangazo rasmi likaja mwaka 2009. Katika mkusanyo ule wa mwisho kulikuwa na makoti yaliyotengenezwa kwa mawigi, nywele ndefu zikishuka kutoka mabegani. Duka la Genk lilikuwa limemfikia.

Miaka kumi na zaidi ikapita kimya. Oktoba 2021 yakafunguliwa maonyesho yake ya kwanza ya sanaa, katika jumba la Lafayette Anticipations, mtaa wa Marais, Paris, yakisimamiwa na Rebecca Lamarche-Vadel. Hakukuwa na nguo hata moja. Kulikuwa na sanamu, michoro, filamu. Kilichonigusa kwanza nilipoziona picha ni viwiliwili: vya silikoni ya rangi ya ngozi, vimekatwa pale pale sanamu la fundi linapokatwa, shingoni na mapajani, vimekaa juu ya vibao vyake. Havionyeshi wazi ni mwanamke au mwanamume. Mahali pengine huwezi kujua kama unatazama mgongo au ubavu, mpaka ufuate mkunjo wa nyama kwa jicho, kama unavyoufuata kwa futi unapompima mteja. Kile kitani cha 1997 kimevuliwa, na ndani yake kulikuwa na hiki.

Kucha tano nyekundu, kubwa kuliko mtu, zinazong'aa kama bodi ya gari jipya, zilipigwa picha kuliko kitu kingine chochote. Ni kazi nzuri ya ukuzaji, ndugu wa vifungo vya mwanasesere vya 1994, lakini inanipa kila kitu kwa mtazamo wa kwanza na hainirudishi. Kituo cha basi kilichofunikwa manyoya bandia nakipenda kidogo zaidi, kwa sababu manyoya yale yalihitaji kukatwa na kufuata pembe za chuma na kioo, na kazi hiyo ni ya ushonaji mtupu. Majalada ya magazeti ya zamani, ambayo nywele zimefunika nyuso za warembo wote, yanaendeleza kile alichofanya jukwaani tangu 1988.

Ile inayosimama juu ya zote inaitwa Vanitas, ya mwaka 2019. Ni vichwa vitano vya silikoni vilivyopangwa mstari mmoja, na kila kimoja kimefunikwa nywele halisi pande zote. Rangi inahama kutoka nywele za utotoni mpaka mvi. Hakuna jicho, pua wala mdomo. Fundi wa mawigi hufanya kazi akijua daima uso uko wapi. Nywele zote hupandwa kwa kuelekezwa kutoka kwenye paji. Mshonaji vilevile: kitu cha kwanza tunachokitia chaki kwenye patani ni mbele na nyuma. Vichwa hivi havina mbele. Unaweza kuvizunguka, na kila unaposimama uko mgongoni mwa mtu anayezeeka. Nimejaribu kufikiria ningeanzia wapi kuvipanda nywele, mstari wa kwanza ungeanzia upande gani, na uelekeo ungebadilika wapi bila kuacha mapengo. Bado sijapata njia inayoniridhisha.

Maonyesho yaliendelea Beijing mwaka 2022, kisha Seoul. Nyumba ya mitindo yenye jina lake inaendelea pia, tangu 2025 mikononi mwa Glenn Martens, Mbelgiji mwingine wa chuo kilekile cha Antwerp, na nyuzi nne nyeupe bado zinashikizwa chini ya shingo. Margiela hana sehemu humo. Yuko kwenye karakana yake, anafanya kazi na silikoni na nywele, na uso wake bado hautolewi kwenye magazeti.